Namba Iliyopigwa Mstari

SEHEMU YA KWANZA

Mteja aliingia dakika kumi kabla ya kufunga. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kusalimia, ni kukigeuza kibao cha mlangoni ili walio nje wasome kwamba karakana imefungwa.

Zawadi alimwona, akanyamaza. Alikuwa nyuma ya meza ya kazi akipiga msasa kitako cha bunduki ya mtu, na muda aliokaa kwenye karakana ile ya Grand Rapids, jimbo la Michigan, ulikwisha kumfundisha kwamba wateja wa mwezi wa kumi wana wazimu wao. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa tarehe 15 Novemba, iwe Jumapili iwe Jumatano, na siku hiyo ikikaribia wanaume wazima huzitoa bunduki za babu zao makabatini na kuzikimbiza kwa fundi kama wanaowahisha mgonjwa.

"Mzee Walt yupo?"

"Katoka. Nikusaidie nini?"

"Afadhali," alisema yule mtu. "Nimekufuata wewe, si yeye. Nasikia una mkono."

Sifa ile ilimwingia Zawadi kuliko ilivyostahili.

Mteja alikuwa mrefu, ndevu zimeingia mvi, koti la turubai limechakaa viwikoni. Alilaza mezani kitu kirefu kilichofungwa ndani ya blanketi la jeshi, akakifungua taratibu. Zawadi hakuhitaji kuambiwa. Mosin-Nagant, toleo la 1891/30: urefu mita 1 na sentimita 23, uzito wa kilo nne, mbao nyekundu zinazonuka grisi ya ghalani. Bunduki hiyo asili yake ni kazi ya ofisa wa Kirusi, Sergei Mosin, iliyounganishwa na mawazo ya Mbelgiji Léon Nagant mwaka 1891, na Warusi waliendelea kuichonga kwa mamilioni hadi baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mwaka ule wa 2012 ilikuwa bunduki ya maskini Marekani. Muungano wa Kisovyeti ulipovunjika, maghala yake yalifunguliwa, na zikaja kwa meli ndani ya masanduku ya mbao, 20 kwa kila sanduku, zimezamishwa kwenye grisi nzito. Dola 100 na kitu unaondoka nayo. Kijana anayeanza kuwinda huinunua, huenda kaskazini mwa jimbo, kwa maana kusini sheria ya wakati ule haikuruhusu bunduki ya namna hiyo kwa kulungu. Akishakosa mnyama mara mbili, anataka darubini. Hapo ndipo kilio huanza.

Kwa sababu Mosin haikuumbwa kubeba darubini. Mkono wa bolti umetoka pembeni umenyooka. Ukiuinua, unasimama juu kabisa, pale pale ambapo darubini ingekaa. Risasi tano huingizwa kutoka juu kwa kishikizo cha bati, na darubini inaziba mlango huo. Basi utoboe kiwiliwili cha chuma, ukate hesi, ununue bolti yenye mkono uliopindwa, na ukimaliza utakuwa umetumia pesa kuliko bei ya bunduki yenyewe. Wateja wengi wa namna hii Zawadi huwashauri waachane na keekee, wafunge kishikio kidogo mahali pa kilenga cha nyuma, kisichohitaji tundu hata moja, na darubini ya kutazamwa kwa mbali. Haipendezi kwa picha. Kulungu hawajali picha.

"Sitaki hiyo ya mbele," mteja alimkata kabla hajamaliza. "Nataka hii."

Akatoa mfukoni kipande cha kitambaa na ndani yake darubini fupi, nyeusi, ya chuma kitupu. Kutoka mfuko wa pili akatoa kishikio chake cha ubavuni na bolti iliyopindwa. Zawadi alikuwa ameiona darubini ile pichani tu, kwenye vitabu vya Walt. PU. Nguvu yake mara tatu na nusu. Darubini ya wadunguaji wa jeshi la Kisovyeti.

"Ikae kushoto, kama ilivyokuwa inakaa zamani," alisema mteja, akahesabu dola 600 mezani. "Jumamosi ijayo. Na uifanye kwa mkono wako mwenyewe."

Alipoondoka, Zawadi aliandika kwenye daftari la karakana: tarehe, jina, aina, namba ya bunduki. Sheria ya Marekani haina mchezo hapo. Silaha ikilala kwa fundi, lazima ionekane daftarini. Namba ilikuwa na herufi mbili za Kirusi na tarakimu nne, na alizinakili pole pole, kwa kuzichora, maana hakujua kuzisoma.

Watu wa kanisani kwao, wengi wao Wakongo kama yeye waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, humuuliza binti aliyekimbia bunduki Uvira anatafuta nini tena kwenye bunduki. Yeye hujibu neno moja: mshahara. Si uongo, ingawa si yote. Kuna utulivu fulani katika kukifungua kitu ambacho zamani ukikisikia tu ulilala chini ya kitanda, ukakuta ndani ni springi na pini na vumbi.

Aliibana bunduki kwenye jiliwa, ngozi pande zote mbili chuma kisichubuke. Akapaka wino wa bluu ubavuni kushoto ili mistari ya vipimo ionekane, akashika ncha kali na rula. Kipimo cha kwanza kilipita vizuri. Cha pili, ncha iliteleza, ikakwama, ikaruka.

Akarudia. Ikaruka mahali pale pale.

Alifuta wino kwa spiriti, akainamisha taa hadi mwanga ukapita ubavuni mwa chuma badala ya kukiangukia kutoka juu. Ndipo alipoyaona. Maduara mawili, moja mbele na moja nyuma, makubwa kuliko skrubu ya kawaida, yamezibwa kwa kuchomelewa, yakasawazishwa kwa tupa na kupakwa rangi. Mkono wa mtu ulikwisha kupita pale kabla yake. Kitambo sana.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Walt aliingia na kikombe cha kahawa, akatazama taa iliyoinama, akaitazama bunduki, akaweka kahawa chini bila kuinywa.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini, "weka hiyo keekee mbali. Halafu zima taa ya dirishani."

ITAENDELEA WIKI IJAYO

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Zawadi ameletewa bunduki ya Kirusi aifungie darubini. Kabla ya kutoboa anagundua tundu mbili zilizozibwa zamani. Walt anamwamuru azime taa. SASA ENDELEA…

Taa ya dirishani ilipozimika, Walt aliisogelea jiliwa. Alikuwa na zaidi ya miaka 70, magoti mabovu, lakini vidole vyake vilikuwa bado vya fundi. Kidole gumba kilishuka moja kwa moja kushoto mwa shina la mtutu, juu kidogo ya mbao, kikasugua.

"Tazama hapa."

Chini ya mabaki ya grisi palikuwa na namba ndogo, 47172, na juu yake mstari ulionyooka uliokata tarakimu zote tano.

"Hiyo si namba ya bunduki," Walt alisema. "Ni namba ya darubini yake."

Akavuta kiti. Zawadi alimjua, Walt akivuta kiti, hadithi ni ndefu.

Warusi, alieleza, PU hawakuitengenezea Mosin. Waliitengenezea SVT-40, bunduki mpya ya kujipakia yenyewe. Ile mpya haikuwa na shabaha waliyoitaka wadunguaji, na vita havikusubiri, kwa hiyo mwaka 1942 wakairudia ile kongwe. Kishikio alichokibuni mtu aitwaye Kochetov kikafungwa ubavuni, mkono wa bolti ukapindwa chini, kazi ikaenda. Viwanda viwili, Tula na Izhevsk. Hii ilikuwa ya Izhevsk, alama ya pembetatu yenye mshale ndani, mwaka 1943. Ndiyo maana alama za mashine ya kukereza zilikuwa bado wazi mgongoni mwake. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na muda wa kupiga msasa.

"Kila darubini ililinganishwa na bunduki moja. Namba yake ikagongwa kwenye mtutu, zisipotezane."

"Sasa mbona imepigwa mstari?"

"Vita vilikwisha. Wadunguaji walikuwa wengi kuliko mahitaji. Bunduki zikarudishwa karakana za jeshi, darubini zikang'olewa, tundu zikazibwa, bolti iliyonyooka ikarudishwa, na namba ikafutwa kwa mstari. Ikawa bunduki ya askari wa kawaida. Ikatupwa kwenye sanduku na nyingine 19, ikaja huku, ikauzwa kwa bei ya viatu."

Zawadi alipapasa duara la mbele. "Kwa hiyo aliyeileta hajui?"

Walt hakujibu hapo hapo. Alichukua kikombe chake, akakuta kahawa imepoa, akainywa hivyo hivyo.

"Wanaokuja na Mosin wote wanajua kitu," alisema. "Kila mmoja atakuambia ya kwake ilikuwa ya mwanamke. Wamesikia habari za Lyudmila Pavlichenko, yule aliyehesabiwa maadui 309, akaja hapa Marekani mwaka 1942 na kuzungushwa miji na mke wa Roosevelt. Ukiwasikiliza wote, basi dada yule alikuwa na bunduki elfu kumi. Usimwambie kitu. Zifungue tundu zile zile, fuata njia ya Warusi. Mimi naenda kaskazini kutengeneza kibanda changu, narudi Jumapili."

Asubuhi yake aliondoka kweli, akamwachia ufunguo.

Kazi ile ilikuwa tamu, na ilikuwa ya roho mkononi. Tundu jipya kwenye chuma safi si shida kwa mwenye mashine iliyonyooka. Unaweka alama, unatoboa, unakata hesi. Tundu lililochomelewa ni mnyama mwingine. Pale palipoyeyuka chuma huwa kigumu kuliko jirani yake, na keekee, ikiguswa na kigumu upande mmoja, hukimbilia upande laini. Ikikukimbia nusu milimita tu, kishikio kinakaa upogo, darubini inatazama mti mwingine. Ukisukuma kwa hasira inavunjikia ndani. Na ukienda kina kupita kiasi unaingia mahali ambapo meno ya bolti hujifungia wakati risasi inalipuka, sentimita chache kutoka shavuni mwa mpigaji. Hapo hakuna samahani.

Zawadi alianza na keekee nyembamba ya chuma kigumu, mzunguko wa pole pole, mafuta tone kwa tone. Alisikiliza zaidi kuliko alivyotazama. Chuma cha kuchomelewa kililia kwa sauti nyembamba, kisha sauti ikashuka, na vinyweleo vya chuma vikaanza kutoka virefu badala ya vumbi. Akaacha. Akaingiza taa. Ukutani mwa tundu aliona hesi za zamani, nyembamba, bado zina mafuta meusi ndani yake. Za Izhevsk. Alizisafisha tu, hakukata mpya hata moja.

Jumatano usiku msingi wa kishikio ulikaa. Alhamisi akabadilisha bolti, akahakikisha inafunga kama inavyotakiwa, akaijaribu mara kadhaa kwa risasi za mbao. Kishikio cha Kochetov kina kitu ambacho Zawadi alikipenda tangu alipokielewa: mbele kinakalia kwenye kitufe cha mviringo, nyuma kinabanwa na skrubu mbili, moja juu na moja chini, na kwa skrubu hizo unaweza kuinua au kushusha darubini nzima. Ni lazima, kwa sababu mshale wa ndani ya PU hauko kama wa darubini za siku hizi zinazobaki katikati siku zote. Ukizungusha vifundo, mshale wenyewe unahama ndani ya duara, na fundi mvivu humkabidhi mteja darubini ambayo mshale wake umejificha kwenye kona.

Kwa hiyo alitoa bolti, akachungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma hadi akaiona taa ya barabarani ng'ambo katikati ya duara la mwisho. Bila kuigusa bunduki, akahamia kwenye darubini. Ncha ya mshale ilikuwa juu ya paa la nyumba. Robo mzunguko wa skrubu ya chini. Ikashuka hadi dirishani. Robo nyingine, na ya tatu ndogo sana. Ikatua juu ya taa.

Alibaki na kazi ya kusafisha. Alichukua kitambaa, akafuta alama za vidole kwenye mwili wa darubini, akaigeuza kidogo ili asome maandishi ya juu, kwa kupenda kujua tu.

Palikuwa na namba. Tarakimu tano.

Aliisoma mara ya kwanza, akacheka peke yake. Akaisoma ya pili. Kisha akashusha macho kwenye shina la mtutu, kwenye ile namba iliyopigwa mstari karibu miaka 70 iliyopita na mtu asiyemjua, mbali na Michigan.

47172.

Na juu ya darubini: 47172.

ITAENDELEA WIKI IJAYO

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Zawadi amemaliza kazi. Anagundua kwamba namba ya darubini aliyoletewa na mteja ni ile ile iliyofutwa kwenye mtutu. SASA ENDELEA…

Usiku ule hakulala vizuri. Kila alipofumba macho alizipiga hesabu. Bunduki imetenganishwa na darubini yake, kila moja imetupwa kwenye ghala lake, zimevuka bahari kwa meli tofauti, zikakutana tena juu ya meza yake. Wakusanyaji wa silaha za vita wangelipa elfu kadhaa kwa pea kama hiyo, na hadithi nzuri ingeongeza nyingine juu yake.

Ijumaa mchana aliipeleka uwanja wa shabaha. Yadi 25 kwanza, ili kuhakikisha inapiga karatasi, kisha 100. Alipakia risasi moja moja, kwa kuwa darubini ilikwisha kuziba njia ya kishikizo. Bunduki ilimpiga bega ikamkumbusha kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya kuburudisha mtu. Askari wa kawaida walizipimia zikiwa na singe mbele, na ukiitoa singe, risasi huhama. Lakini hii ilikuwa imepimiwa darubini, haikudai singe yoyote. Matundu matatu ya mwisho kwenye karatasi yangeweza kufunikwa kwa kiganja cha mtoto.

Alimpigia mteja simu kutoka pale pale uwanjani.

"Imekubali," alisema. "Na kuna jambo lingine, sijui kama unalijua. Ile namba…"

"Ya darubini," alisema yule mtu. "Inafanana na ya mtutu. Vizuri sana. Naomba uniandikie hayo kwenye karatasi. Uliyoyaona kwa macho yako, tangu ulipozigundua zile tundu. Tia sahihi. Mnunuzi anakuja Jumapili kutoka Ohio na angependa kuongea na wewe."

Simu ilipokatika Zawadi alibaki ameishika. Hakuwa ametaja mtutu.

Mjomba wake alikuja kumchukua karakana saa kumi na mbili, kama kila Ijumaa. Mjomba Kasongo hufanya kazi kiwanda cha samani, ila kabla ya hapo, Nyarugusu, alikuwa mhunzi. Alifua majembe kutokana na springi za malori, na visu, na siku moja alitengeneza meno ya mtambo wa kusaga wa kambi nzima. Aliingia akisugua mikono kwa baridi, akamkuta mpwa wake ameinamia bunduki na uso usioelezeka.

"Mwanangu, kuna msiba?"

"Hakuna, Mjomba. Hebu itazame hii. Usiiguse kwenye vioo."

Mjomba Kasongo alivaa miwani. Hakutazama bunduki nzima. Watu wa chuma hawatazami kitu kizima. Alitazama namba ya mtutu, muda mrefu. Akatazama ya darubini, muda mfupi.

"Hii mtoto, ile mzee," alisema.

"Una maana gani?"

"Kioo kikubwa kiko wapi?"

Akampa. Mjomba akaisogeza taa, akamwita karibu, wakachungulia pamoja. Kwenye mtutu, ndani ya kila tarakimu, chuma kilikuwa na rangi ile ile ya nje: hudhurungi inayoelekea weusi, na kutu ya punje ndogo iliyozaliwa pale na kuzeekea pale. Kingo za tarakimu zilikuwa zimelala, zimechakazwa na mikono na matambara. Kwenye darubini kingo zilikuwa zimesimama. Mtu alikuwa amepaka weusi juu, akasugua kwa mafuta ili ufanane na uzee, lakini chini kabisa ya tarakimu ya nne, pale ambapo dawa haikufika, palimeta.

"Chuma hakina siri kwa aliyekipiga moto," Mjomba alisema. "Na papase hapa pembeni."

Zawadi alipitisha ukucha. Mahali penye namba palikuwa pamebonyea, kidogo sana. Namba nyingine ilikuwa imekaa pale kwanza. Ikaliwa kwa tupa hadi ikaisha, kisha 47172 ikagongwa juu ya makaburi yake.

Kwa hiyo bunduki ilikuwa ya kweli. Tundu zilikuwa za kweli, mstari ulikuwa wa kweli. Kilichokuwa cha uongo ni muujiza.

Alikaa. Mambo yakaanza kujipanga bila kuitwa. Mtu anayetaka kuuza uongo wa namna hii hahitaji fundi mwongo. Wanunuzi wa Ohio hawajazaliwa jana. Anahitaji fundi anayeamini. Anahitaji binti mwenye mkono mzuri na uso usiojua kuficha, azigundue tundu mwenyewe, azifungue mwenyewe, aisome namba mwenyewe usiku akiwa peke yake, kisha asimame Jumapili mbele ya mnunuzi na kusimulia kwa macho yanayong'aa. Kumwambia mapema kungeharibu kila kitu.

Lakini mtu wa nje angejuaje kwamba atainamisha taa? Kwamba atasoma namba?

Akaikumbuka sauti: *nasikia una mkono*. Amesikia kwa nani?

"Zawadi," Mjomba alimwita. Bado alikuwa ameinamia kioo. "Hizi saba zina ugonjwa."

"Saba zipi?"

"Zote mbili. Njoo."

47172. Saba ya kwanza: mguu wake, karibu na chini, ulikuwa na pengo dogo upande wa kulia, kana kwamba jino la chuma lililoigonga lilikuwa limemeguka. Saba ya pili: pengo lile lile, mahali pale pale. Saba za kwenye mtutu zilikuwa nzima.

Zawadi alihisi baridi ikimpanda mgongoni, na haikuwa ya Michigan. Alikwisha kuiona saba ile. Si kwenye kitabu. Aliiona kwenye vibati vidogo vya shaba vinavyofungwa kwenye bunduki za wateja ili zisichanganyike, vibati ambavyo kwa miezi amekuwa akivigonga yeye mwenyewe, namba baada ya namba, akilaani kwamba saba ya seti ile inatakiwa kubadilishwa.

"Mjomba, nenda kaniwashie gari. Lipate joto. Nakuja."

"Nikuache na hii peke yako?"

"Dakika mbili tu."

Mzee alimtazama, akataka kusema neno, akalimeza. Mlango ulijifunga nyuma yake.

Zawadi hakwenda kwenye droo kwanza. Alikwenda rafuni, akashusha daftari la zamani, lile lililojaa mwezi wa tisa na kuwekwa kando. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta herufi mbili ambazo hajui kuzisoma lakini alikwisha kuzichora. Akazikuta mwezi wa nane. Herufi zile zile, tarakimu zile zile nne. Mosin-Nagant, Izhevsk, 1943. *Imenunuliwa.* Na mstari huo huo, upande wa kulia, wiki tatu baadaye: *Imeuzwa.* Jina la mnunuzi lilikuwa la yule mtu mrefu mwenye koti la turubai.

Mwandiko ulikuwa wa Walt.

Ndiyo maana kidole gumba hakikutafuta. Kilijua pa kushukia.

Alirudisha daftari mahali pake, likae kama lilivyokuwa limekaa. Nje, injini ya gari la Mjomba ilikohoa, ikakamata. Kwenye meza ya Walt, droo ya tatu kutoka juu, kulikuwa na kisanduku cha mbao cha namba za kugongea: vijiti vya chuma kumi, sifuri hadi tisa, kila kimoja kwenye shimo lake. Droo haikuwa imefungwa. Aliivuta taratibu ili isilie.

Sifuri. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Shimo.

Nane. Tisa.

Alipapasa chini ya kisanduku, nyuma ya droo, kati ya tupa na vitambaa. Hakuna. Alipoinua kichwa aligundua kitu ambacho kelele za injini zilikuwa zimekificha: kile kibao cha mlango wa mbele kilikuwa kinabembea taratibu, na mlango, ambao aliufunga kwa ufunguo kwa mkono wake, ulikuwa wazi kidogo.

Harufu ya kahawa ilimfikia kabla ya sauti.

Kwenye kizingiti cha karakana alisimama Walt, ambaye alitakiwa kuwa kaskazini hadi Jumapili, buti zake hazina hata punje ya tope la barabara ya porini. Nyuma yake, gizani, lilionekana koti la turubai. Mzee alifungua kiganja chake pole pole chini ya taa, na katikati ya kiganja kililala kijiti kimoja cha chuma.

"Unaitafuta saba, binti?"

ITAENDELEA WIKI IJAYO